Kabla Hujaiamini 0.3: Kwa Mnaoanza Kazi ya Kufuatilia Mfumuko wa Bei wa Msingi

Katikati ya Septemba 2021 niliandika taarifa ya kurasa mbili ambayo mpaka leo nimeitunza, na si kwa sababu ya kujivunia. Asubuhi ile zilikuwa zimetoka takwimu za Marekani za mwezi Agosti: bei za walaji, ukiondoa chakula na nishati, zilikuwa zimepanda kwa asilimia 0.1 tu. Aprili ilikuwa 0.9, Mei 0.7, Juni 0.9 tena, Julai 0.3, na sasa hiyo 0.1. Mteremko ulionekana hata bila miwani. Nikaandika kwamba moto umezimika. Oktoba ikaja 0.6, na Septemba ya mwaka uliofuata kasi ya mwaka ya mfumuko huo wa msingi ikafika asilimia 6.6, kiwango ambacho kilikuwa hakijaonekana kwa miaka arobaini.

Namba niliisoma sawasawa. Kosa langu ni kwamba niliiamini kabla ya kuipasua nione ndani yake mna nini. Ningeipasua ningekuta nauli za ndege zimeshuka kwa asilimia 9.1 ndani ya mwezi mmoja, na magari yaliyotumika yameshuka kwa 1.5 baada ya kupaa miezi kadhaa. Vitu hivyo vichache ndivyo vilivyoivuta namba chini. Nyuma yao kodi za pango zilikuwa zinaanza kujinyoosha taratibu: 0.3 mwezi ule, 0.5 mwezi uliofuata. Kodi za pango hazina kelele za nauli za ndege, ila zikishaanza safari huchukua muda mrefu kurudi.

Yafuatayo ni yale ambayo ningependa mtu angeniambia nilipoketi kwenye dawati hilo kwa mara ya kwanza. Hayana mpangilio wa kitabuni. Mengine nitayasema kwa kirefu, mengine nitayapita tu.

Ya mwanzo niyapite haraka, maana utayakuta popote. Fahirisi ya bei za walaji hupima gharama ya kikapu cha bidhaa na huduma, kila kitu kikiwa na mizania yake, yaani uzito wake kwenye hesabu, kulingana na jinsi kaya zinavyotumia fedha. Kipimo cha msingi huviweka kando vitu ambavyo bei zake hurukaruka kwa ukame, kwa vita au kwa mabomba ya mafuta kufungwa, ili kinachobaki kionyeshe bei kwa ujumla zinaelekea wapi. Utaulizwa kwenye kila mkutano kama unadhani watu hawali wala hawawashi taa. Jibu kwa upole. Gharama ya maisha ina kipimo chake, ambacho ni mfumuko wa jumla. Huu wa msingi ni chombo cha kuangalia njia, na anayeutumia kumwambia mwananchi kwamba maisha hayajapanda anastahili kuzomewa.

Ila usidhani neno "msingi" lina maana moja duniani kote. Marekani huondoa chakula na nishati, lakini pombe na tumbaku hubaki ndani. Katika eneo la euro kipimo kinachonukuliwa zaidi huondoa nishati, chakula, pombe na tumbaku. Japani wanapotaja mfumuko wa msingi huwa wameondoa vyakula vibichi peke yake, na nishati imo. Ukitaka iliyoondolewa nishati pia, utafute kipimo chao kingine. Hata ndani ya Marekani kuna mawili: fahirisi ya bei za walaji, inayotolewa na Idara ya Takwimu za Kazi, na fahirisi ya bei za matumizi binafsi, ambayo ndiyo Benki Kuu yao huipimia lengo lake la asilimia 2. Milo ya mgahawani imeondolewa kwenye msingi wa ile ya kwanza, ila imo kwenye msingi wa ile ya pili. Nimeona jedwali zuri kabisa, lenye rangi na mistari iliyonyooka, likilinganisha nchi nne kwa vipimo vinne tofauti chini ya kichwa kimoja cha habari. Aliyelitengeneza nilikuwa mimi.

Sasa tuje kwenye mwezi.

Kasi ya mwaka, ile inayotangazwa redioni, ni jumla ya mabadiliko ya miezi kumi na miwili yaliyopandana. Kila mwezi mpya unapoingia, wa zamani hutoka. Kwa hiyo kasi ya mwaka inaweza kushuka kutoka 3.4 hadi 3.2 bila jambo lolote jema kutokea mwezi huu. Mwezi mbaya wa mwaka jana umetoka mlangoni, basi. Na inaweza kupanda mwezi huu ukiwa mtulivu kabisa. Mfano ninaoupenda ni wa Japani. Aprili 2021 kampuni za simu zilishusha ada zake kwa kishindo, na kwa mwaka mzima punguzo hilo likauvuta mfumuko chini. Aprili 2022 lilipotoka kwenye hesabu, kipimo chao cha msingi kiliruka kutoka asilimia 0.8 hadi 2.1 ndani ya mwezi mmoja. Aliyekuwa anafuatilia mwezi kwa mwezi alikuwa ameweka alama kwenye kalenda yake mwaka mzima kabla. Aliyekuwa anasoma kasi ya mwaka tu alishtuka.

Hiyo ndiyo sababu tunahangaika na mabadiliko ya mwezi: ndiyo habari pekee iliyo mpya. Lakini habari mpya ni chache na ina vumbi jingi, na hapo ndipo kazi inapoanza.

Anza na ukubwa wa namba zenyewe. Mfumuko wa asilimia 2 kwa mwaka ni kama 0.165 kwa mwezi. Mwezi wa 0.2 ukijirudia mara kumi na mbili unakupa 2.4 kwa mwaka. Wa 0.3 unakupa 3.7, na wa 0.4 unakupa 4.9. Angalia jinsi nafasi ilivyo nyembamba: kati ya benki kuu inayolala usingizi na benki kuu inayofikiria kupandisha riba pana tofauti ya sehemu moja ya kumi ya asilimia kwa mwezi. Na namba inayotangazwa imekadiriwa hadi desimali moja.

Chukua fahirisi iliyokuwa 320.000 mwezi uliopita. Ikiwa sasa ni 320.830, imepanda kwa asilimia 0.26, na itatangazwa 0.3. Ikiwa ni 321.100, imepanda kwa 0.34, na itatangazwa 0.3 vilevile. Ya kwanza ikijirudia mwaka mzima ni asilimia 3.2, ya pili ni 4.2. Gazeti litaandika kichwa kilekile cha habari kwa zote mbili. Na kinyume chake hutokea: mwezi mmoja 0.248, unaofuata 0.252, na vichwa vya habari vinapiga mbiu kwamba kasi imeongezeka kutoka 0.2 hadi 0.3. Hakuna kilichoongezeka. Mapema 2024 miezi mitatu mfululizo ya Marekani ilitangazwa 0.4 kila mmoja, na masoko yakatetemeka. Walioichimba Machi walikuta ni 0.36. Bado ilikuwa juu mno, sikatai, lakini haikuwa 0.44.

Kwa hiyo zoezi la kwanza la asubuhi: pakua fahirisi zenyewe, zenye desimali tatu, ufanye mgawanyo mwenyewe. Ni dakika mbili. Wapo wachambuzi wa miaka kumi ambao bado wananakili asilimia kutoka kwenye ukurasa wa kwanza wa tangazo.

Lingine linalohusu lugha kuliko hesabu: 0.2 ikiwa 0.4, usiseme mfumuko umepanda kwa asilimia 100, hata kama kikokotoo kinakuunga mkono. Sema umeongezeka kwa pointi 0.2. Na mfumuko ukipungua, bei hazijashuka. Zimeendelea kupanda, polepole zaidi. Utaona ni jambo dogo mpaka siku utakapoandika "bei zimeshuka" na barua zikaanza kuingia.

Kuhusu msimu nitakaa kidogo, maana hapa ndipo wageni wengi huteleza. Bei nyingi zina tabia za kalenda. Mavazi hushuka mwisho wa msimu na kupanda mapya yakiingia, ada za shule hubadilika mwanzo wa mwaka wa masomo, hoteli na ndege hufuata likizo, na watoa huduma wengi hupanga bei mpya Januari. Ukilinganisha mwezi na mwezi bila kusafisha tabia hizo, utakuwa unapima kalenda. Ndiyo maana mabadiliko ya mwezi ya Marekani hunukuliwa yakiwa yamerekebishwa kwa msimu, ilhali kasi ya mwaka hunukuliwa bila marekebisho, kwa kuwa Juni kwa Juni msimu ni uleule. Taasisi nyingine hutangaza mwezi bila marekebisho kabisa. Kwenye faili lako kila safu iandikwe ni ipi. Niliwahi kugawanya fahirisi iliyorekebishwa ya mwezi huu kwa isiyorekebishwa ya mwezi uliopita, nikapata namba ya kusisimua, nikaipeleka kwa mkuu wangu mbio. Aliitazama sekunde tatu, akauliza, "Hii umeitoa wapi?" Swali hilo bado nalisikia.

Marekebisho ya msimu nayo ni makadirio. Kompyuta hutazama miaka iliyopita na kukisia Januari ya kawaida hupanda kiasi gani, kisha huondoa kiasi hicho. Tabia za wafanyabiashara zikibadilika, kama zilivyobadilika baada ya janga la korona, kisio la zamani halitoshi. Januari ya 2023, ya 2024 na ya 2025 zote zilitangazwa 0.4 huko Marekani. Kila mara walikuwapo waliosema mfumuko umerudi, na waliosema ni Januari tu. Msimamo wangu ni kwamba Januari isomwe pamoja na Februari na Machi, na mtu asiijengee nyumba peke yake. Lakini pia isitupwe, maana kampuni zinazopandisha bei kubwa mwanzo wa mwaka zinakuambia kitu kuhusu zinavyoutazama mwaka huo.

Halafu kila Februari vipimo hivyo vya msimu hukokotolewa upya, na miezi ya miaka mitano nyuma huhamahama. Jumla ya mwaka haibadiliki sana. Kinachobadilika ni mgawanyo wake kati ya miezi. Februari 2023 marekebisho hayo yaliinua miezi ya mwisho ya 2022, na ule unafuu ambao watu walikuwa wameusherehekea Krismasi ukawa mdogo kuliko ulivyoonekana. Hifadhi faili la zamani kabla ya kupakua jipya. Siku moja utahitaji kueleza kwa nini ulisema ulichosema, na ushahidi utakuwa kwenye toleo la zamani.

Hapa sasa ndipo penye utajiri: kuipasua namba.

Mchango wa kitu kwenye mabadiliko ya mwezi ni mizania yake mara badiliko la bei yake. Kitu kinachochukua sehemu 3 kati ya 100 za kikapu kikipanda kwa asilimia 10, kimeongeza pointi 0.3 peke yake. Aprili 2021 magari yaliyotumika yalipanda kwa asilimia 10.0 huko Marekani. Ukijua mizania yake, unajua mara moja kwamba sehemu kubwa ya ile 0.9 ilikuwa gari moja kwenye msafara mrefu. Viwanda vilikosa chipu, magari mapya yakaadimika, kampuni za kukodisha zikaanza kununua badala ya kuuza, na bei ikaruka. Waliosema ni jambo la kupita walikuwa na hoja nzuri siku hiyo. Hoja hiyo ilikoma kuwa nzuri pale ongezeko lilipohama kutoka kwa vitu vitatu hadi kwa vitu mia.

Ujanja wa kuangalia hapo: mizania ya kikapu kizima si mizania ya msingi. Ukishaondoa chakula na nishati, kinachobaki ni kama sehemu 80 kati ya 100 kwa Marekani, kwa hiyo kila kitu kilichobaki kinakuwa kizito zaidi. Gawanya kwanza. Wengi hawagawanyi, kisha wanashangaa michango yao haifiki kwenye jumla.

Panga kikapu katika mafungu matatu: bidhaa, makazi, na huduma nyingine. Novemba 2022 mwenyekiti wa Benki Kuu ya Marekani, Jerome Powell, aliugawa mfumuko wa msingi hivyohivyo kwenye hotuba yake, na tangu hapo kila mchambuzi ana mafungu matatu. Mgawanyo unafaa kwa sababu kila fungu lina injini yake. Bidhaa husikiliza viwanda, meli na thamani ya fedha. Huduma nyingine husikiliza zaidi mishahara. Makazi yana masikio yake ya ajabu, na nitayaeleza, maana asiyeelewa makazi haelewi mfumuko wa msingi wa Marekani. Peke yake yanazidi sehemu 40 kati ya 100 za kipimo hicho.

Kwanza, sehemu kubwa ya makazi ni kodi ya pango ambayo hakuna aliyeilipa. Mwenye nyumba anayeishi kwenye nyumba yake hukadiriwa kodi ambayo angelipa kama angekuwa mpangaji, na kadirio hilo huchukua kama robo ya kikapu kizima. Bei ya kununua nyumba haimo, kwa sababu nyumba huhesabiwa kama rasilimali, na kinachotumiwa ni huduma ya kuishi ndani yake. Nimeona wanagenzi wakiweka bei za nyumba na mfumuko kwenye grafu moja na kutangaza kwamba takwimu zimepikwa. Hazikupikwa, zinapima kitu kingine.

Pili, takwimu za kodi za pango hukusanywa kwa makundi sita ya nyumba, na kila kundi hutembelewa mara moja kwa miezi sita. Mabadiliko ya mwezi unayoyaona yanatokana na mabadiliko ya miezi sita yaliyosambazwa. Kwa hiyo mwezi wa makazi una kumbukumbu ya nusu mwaka ndani yake tangu mwanzo. Tatu, wapangaji wote humo huhesabiwa, si wale walioingia mwezi huu tu, na mwenye mkataba wa mwaka hapandishiwi mpaka mkataba uishe. Ukiunganisha hayo, kodi mpya sokoni zikipanda leo, kipimo rasmi kitachukua takribani mwaka mzima kuzisikia zote. Ndivyo ilivyokuwa: kodi za mikataba mipya zilipaa 2021 na 2022, na makazi kwenye fahirisi yakafika kilele Machi 2023, kwa kasi ya mwaka ya asilimia 8.2, wakati sokoni joto lilikuwa limeshapungua zamani. Aliyejua utaratibu huo aliweza kutabiri fungu hilo zito kwa miezi mingi mbele, jambo ambalo halitokei mara nyingi kwenye kazi hii, kwa hiyo lifurahie likitokea.

Kuchelewa huko kunaleta kishawishi. Makazi yanachelewa? Yaondoe. Magari yanarukaruka? Yaondoe nayo. Bima za magari zimepanda kwa sababu ya ajali za mwaka juzi? Ziondoke. Ukiondoa kila kilichopanda utabaki na mfumuko wa sifuri na dhamiri safi. Nina kanuni yangu: kitu nikikiondoa mwezi kinapopanda, nakiondoa pia mwezi kinaposhuka, na ninaandika orodha kabla ya tangazo, si baada yake. Siku ile ya Septemba 2021 nilikuwa nimetumia miezi mitatu nikisema magari na nauli za ndege zisihesabiwe. Ziliposhuka, nikazihesabu kwa furaha. Huo si uchambuzi, ni ushabiki.

Njia ya kujizuia ni kutumia vipimo ambavyo havikuachii uchague. Tawi la Benki Kuu ya Marekani lililoko Cleveland hutoa kila mwezi mediani ya mabadiliko ya bei, yaani panga vitu vyote kuanzia kilichoshuka zaidi hadi kilichopanda zaidi, kwa mizania yake, uchukue kinachokaa katikati. Hutoa pia wastani uliokatwa ncha: waliozidi juu na waliozidi chini wote nje, bila kuulizwa ni nani. Benki Kuu ya Kanada nayo ina mediani yake na wastani wake uliokatwa ncha, na ile ya Australia huutegemea sana wastani wa namna hiyo. Kati ya Aprili na Juni 2021, namba kuu ya msingi ilipokuwa inapiga kelele, mediani ilikuwa imetulia. Kuelekea mwisho wa mwaka, wengi wetu tulipokuwa tumetulia, ikaanza kupanda. Ningeifungua siku ile isingenipa jibu kamili, lakini ingenizuia kuandika neno "umezimika".

Vipimo hivyo navyo vina udhaifu wake. Wakati vitu vichache vinaanza kupanda na vitavivuta vingine baadaye, mediani itakuwa ya mwisho kujua. Tumia yote, na yanapogombana andika kwamba yanagombana. Msomaji mzuri anapenda kujua hilo.

Serikali nazo huingia. Ujerumani ilishusha kodi ya ongezeko la thamani kutoka asilimia 19 hadi 16 kuanzia Julai 2020, ikairudisha Januari 2021. Kiangazi cha 2022 ikatoa tiketi ya usafiri wa umma ya euro 9 kwa mwezi, kwa miezi mitatu tu, Juni hadi Agosti. Septemba usafiri ukarudi bei yake, na mwezi huo ukavimba. Miezi ileile ya 2023 kasi ya mwaka ikavimba kwa sababu ilikuwa inalinganishwa na tiketi ya bei ya kutupa. Juni 2023 mfumuko wa msingi wa eneo zima la euro ulipanda hadi 5.5 kutoka 5.3, na tiketi ile ilikuwa na mkono wake humo. Kila nchi unayoifuatilia iwe na karatasi ya matukio kama hayo: tarehe ya kuingia, tarehe ya kutoka, na tarehe ile ile mwaka mmoja baadaye. Karatasi yangu ina vumbi na madoa ya kahawa, na imeniokoa kuliko programu yoyote.

Nije kwenye siku yenyewe ya tangazo. Usiku wa kuamkia, andika unatarajia nini, kwa kila fungu, si jumla tu. Jumla ya 0.3 inayotokana na makazi 0.4 na bidhaa kushuka si sawa na 0.3 inayotokana na makazi kupoa na huduma nyingine kuchemka, hata kama ulipata jumla sahihi. Ukipata jumla kwa njia zisizo sahihi, usijipongeze. Makosa mawili yamekutana njiani yakasalimiana. Namba ikitoka, dakika tano za kwanza usiandike sentensi yenye neno "kwa hiyo". Jaza jedwali. Angalia vitu vitano vilivyochangia zaidi juu na vitano chini. Angalia makazi. Angalia mediani ikishatoka. Ndipo ulinganishe na karatasi ya jana usiku.

Na mwezi mmoja uusome ndani ya kundi. Mimi hutumia miezi mitatu na miezi sita, zote zikigeuzwa kuwa kasi ya mwaka. Tatu hukuonyesha kona mapema, ila hudanganywa haraka. Sita huchelewa, ila haidanganyiki kirahisi. Miezi ya 0.1, 0.5 na 0.3 ina wastani uleule wa miezi mitatu ya 0.3, 0.3 na 0.3, takribani 3.7 kwa mwaka, lakini mimi ningelala vizuri zaidi na ile ya pili, maana najua ninachokishika. Katikati ya 2024, baada ya zile 0.4 tatu, zilikuja 0.3, 0.2 na 0.1, Aprili hadi Juni. Mwezi wa kwanza sikusema lolote, wa pili nikanyanyua nyusi, wa tatu nikaandika. Benki Kuu yao nayo ilisubiri hadi Septemba ndipo ikashusha riba. Kungoja miezi mitatu kunauma kwenye kazi ambayo kila mtu anataka maoni kabla chai haijapoa. Bosi atakusukuma. Mwambie unachokijua, mwambie ni mwezi mmoja, na umpe jedwali la michango akalisome mwenyewe.

Kuna jambo la mwisho, dogo la kiufundi, ambalo nililiona dogo mpaka vuli ya 2025. Shughuli za serikali ya Marekani zilisimama kwa kukosa bajeti, na bei za Oktoba hazikukusanywa. Tangazo la Oktoba likafutwa. La Novemba lilipokuja Desemba, halikuwa na mabadiliko ya mwezi, bali ya miezi miwili kwa pamoja tangu Septemba. Nikaletewa faili na kijana mmoja hodari ambaye alikuwa ameligawa badiliko hilo mara mbili sawasawa, nusu akaipa Oktoba, nusu akaipa Novemba, ili grafu isiwe na pengo. Grafu ilipendeza. Miezi hiyo miwili haikuwahi kuwapo.

Nilimwambia aache kisanduku cha Oktoba kitupu na aandike pembeni kwa nini. Akauliza, sasa kasi ya miezi mitatu tutaipataje bila mwezi wa kati? Nikamfungulia safu ya fahirisi zenyewe, zile za desimali tatu. Chukua Novemba, gawa kwa Agosti, pandisha kwa kipeo cha nne, toa moja. Oktoba haiingii popote kwenye hesabu hiyo.